Blogu Isimeze Jioni Zako: Mwongozo Kamili wa Kugawa Muda kati ya Kuandika, Mambo Unayoyapenda na Mapumziko

Ijumaa moja, miaka kadhaa iliyopita, sahani ya pilau ilikaa dirishani kwangu dakika 40 ikisubiri mwanga wa jua utulie, huku mimi nikihamisha bakuli la kachumbari mara kushoto mara kulia, nikipanda juu ya kigoda na kushuka. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alisimama mlangoni akauliza kwa adabu zake zote: "Mama, tule sasa, au bado unapiga picha?" Tulikula pilau iliyopoa. Picha ilitoka vizuri, nami usiku ule nikaketi hadi saa sita nikiandika namna ya kupika pilau inayoliwa moto.

Naandika blogu ya mapishi ya pwani kutoka Tanga, na mchana ni mhasibu wa kuajiriwa. Kabla ya kuanza blogu, kupika ndiko kulikokuwa pumziko langu. Baada ya miaka miwili ya kuandika, jikoni pamekuwa ofisi ya pili, na sikuwa tena na mahali pa kupumzikia. Haya ninayoyaeleza hapa ni hatua nilizozipitia ili kurudisha jioni zangu bila kuifunga blogu. Mifano yangu ni ya chakula, lakini anayeandika habari za kilimo, ushonaji, mpira au malezi ataona kwamba hesabu ni ile ile.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kupanga

Watu wengi huanza kwa kuchora ratiba nzuri ya rangi rangi, wakaibandika ukutani, na ikawashinda kabla ya wiki kwisha. Sababu ni kwamba ratiba hiyo imejengwa juu ya makisio. Ukimuuliza mwandishi wa blogu hutumia muda gani, atakutajia saa alizoketi kuandika, wala hatakumbuka dakika tano za kutazama idadi ya wasomaji akiwa kwenye foleni ya daladala, au robo saa ya kumjibu msomaji aliyeuliza kama maji ya ndimu yanaweza kubadilishwa kwa siki.

Chukua daftari la kawaida na uligawe ukurasa katika safu nne: kuandaa (kupika, kupiga picha, kutafiti), kuandika na kuhariri, kupakia na kurekebisha picha, na ya nne nimeiita "kuzungukia". Safu ya kuzungukia inabeba yote yanayofanyika baada ya makala kutoka: kusambaza kiungo kwenye makundi ya WhatsApp, kujibu maoni, kutazama takwimu, kusoma blogu za wenzako kwa jicho la wivu. Kwa wiki mbili, kila ushikapo simu au kompyuta kwa ajili ya blogu, andika saa uliyoanza na uliyomaliza, hata kama ni dakika tatu. Usijirekebishe katika kipindi hicho, kwa sababu unayetaka kumpima ni wewe wa siku zote.

Daftari langu la wiki ya kwanza lilionyesha saa 17. Kupika na kupiga picha kulichukua saa tano, kuandika na kuhariri saa nne, picha na kupakia saa mbili. Saa sita zilizobaki zilikuwa za kuzungukia, na zaidi ya mbili kati ya hizo zilikwenda katika kutazama takwimu tu, jambo ambalo halikuongeza msomaji hata mmoja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba saa hizo sita hazikukaa pamoja mahali pamoja. Zilitawanyika vipande vya dakika nne na saba, katikati ya chakula cha usiku, kitandani, na hata wakati mama mkwe wangu alipokuwa akinieleza habari za msiba wa jirani.

Hapo nilikumbuka zamani kidogo. Blogu za Kiswahili zilipoanza kushika kasi katikati ya miaka ya 2000, akina Ndesanjo Macha wakiwa wametangulia na Issa Michuzi akifungua yake ya picha mwaka 2005, wengi wetu tuliingia mtandaoni kwenye mgahawa wa intaneti, tukalipia kwa saa. Dakika zikiisha, kioo kinajifunga, unarudi nyumbani. Ilikuwa kero, lakini ilikuwa pia uzio. Leo bando liko mfukoni mchana na usiku, na uzio huo ni lazima mtu aujenge mwenyewe.

Hatua ya pili: amua blogu ni nini kwako

Kiswahili kina neno uraibu, ambalo wazee walilitumia kwa vitu vya kustarehesha kama tambuu na tumbaku, na ambalo leo tunalisikia zaidi likitajwa kwa ulevi usioachika. Naona neno hilo linaijua blogu vizuri kuliko sisi tunaoiandika: huanza kwa starehe, na mtu hajui ni siku gani ilivuka mpaka.

Jibu swali hili kwa maandishi, katika daftari lile lile: blogu hii ni burudani, ni kazi ya kipato, au ni maandalizi ya kazi ya baadaye? Kama ni burudani, basi siku isipokupa raha una haki ya kuiacha hadi wiki ijayo, na hakuna anayekudai. Kama ni kazi ya kipato, ihesabu kama kazi: ipe saa zake, ikadirie mapato kwa saa, na ujue kwamba sasa unahitaji burudani nyingine kabisa. Wanaotegemea matangazo ya Google AdSense wanafahamu kwamba malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100 za Marekani. Gawanya kiasi hicho kwa saa ulizotumia kukifikia, na jibu litakusaidia kuamua kama usingizi wako unauzwa kwa bei ya haki. Kwa aliye Tanzania, tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 kumekuwa na suala la leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) pia, kwa hiyo soma kanuni zinazotumika sasa na uone kama aina ya maudhui yako inahusika, kwa maana karatasi nazo hula muda.

Mimi niliandika "burudani yenye faida kidogo". Ni jibu la mhasibu, lakini lilinitosha.

Hatua ya tatu: tanguliza mapumziko katika kalenda, blogu ifuate

Mpangilio huu ndio uliobadilisha mambo kwangu kuliko mwingine wowote. Kwa kawaida tunapanga kazi, kisha blogu, kisha tunajiahidi kwamba tutapumzika katika muda utakaobaki, na muda haubaki. Geuza. Andika kwanza usingizi, ambao kwa mtu mzima wataalamu wanashauri usipungue saa saba; kisha ibada, familia na shughuli moja unayoipenda isiyohusiana na blogu. Ndipo utazame mianya iliyobaki.

Baada ya kufanya hivyo nilipata mianya ya saa saba kwa wiki, si 17. Makala yangu moja, kwa hesabu ya daftari, ilikuwa ikichukua saa tano na nusu tangu jikoni hadi kuchapishwa, na nilikuwa nikitoa mbili kwa wiki. Saa saba haziwezi kubeba makala mbili. Zinabeba moja, na saa moja ya kuwajibu wasomaji, na nusu saa ya dharura ya umeme kukatika. Kwa hiyo niliwatangazia wasomaji, kwa sentensi mbili tu chini ya makala, kwamba tangu mwezi unaofuata tutakutana kila Jumatano. Hakuna aliyelalamika. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba hata yeye alikuwa hawahi kuyapika yote.

Hesabu yako itatoa jibu lako. Ikiwa una saa tatu tu kwa wiki, toa makala moja kila baada ya wiki mbili, na usiione aibu. Siku inayojulikana humfaa msomaji kuliko wingi usiotabirika.

Hatua ya nne: fanya kwa mkupuo

Kuandaa kitu kimoja kimoja kunapoteza muda mwingi katika kuanza na kumaliza: kutandika meza, kutafuta mwanga, kuosha vyombo, kuhamisha picha. Ukiziweka kazi zinazofanana siku moja, gharama hizo unazilipa mara moja.

Chukua mfano wa Jumamosi yangu moja kwa mwezi. Usiku wa Ijumaa naloweka mchele wa mkate wa kumimina. Asubuhi nakuna nazi, nakamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, naiweka kando kwa ajili ya samaki wa kupaka, kisha tui jepesi linagawanywa: jingine linasagiwa mchele pamoja na hamira, jingine linakwenda kwenye mchicha. Mkate unapoumuka, mchicha unaiva. Mchicha unapopigwa picha, mkate uko motoni. Samaki anakuwa wa mwisho, kwa makusudi, ili apigwe picha na kuliwa akiwa bado na moshi wa mkaa. Nazi zile zile zimetoa makala tatu. Zikipikwa siku tofauti, kazi hiyo ya jikoni na kamera ingenichukua saa saba na nusu. Kwa mkupuo huchukua kama saa tano, na familia inapata mlo wa mchana wa heshima.

Sheria mbili zinalinda siku hiyo isigeuke adhabu. Ya kwanza ni dakika kumi kwa kila sahani mbele ya kamera, kwa saa ya kengele, na ikilia picha zilizopatikana ndizo. Ya pili ni kumaliza picha kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana linakaa utosini na kutupa vivuli vikali, na utapoteza saa nzima kupambana nalo.

Wiki ya nne ya mwezi sipiki kwa ajili ya blogu. Narudia makala ya zamani: narekebisha vipimo, naongeza maswali ambayo wasomaji waliyauliza, nabadilisha picha moja. Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu, na mara nyingi makala iliyofufuliwa husomwa zaidi ya mpya.

Hatua ya tano: weka akiba ya makala

WordPress na Blogger zote zinakuruhusu kuiwekea makala tarehe na saa ya kujichapisha yenyewe. Wengi wanajua, wachache wanatumia, kwa kuwa daima wanaandika usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha. Lengo ni kuwa na makala tatu zilizokamilika ambazo hazijatoka. Usijaribu kuzipata kwa wiki moja. Ongeza moja kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha uilinde akiba hiyo kama unavyolinda unga wa mwisho.

Kwangu akiba inahesabiwa kwa Ramadhani. Mwezi huo ndio ambao watu wanatafuta kaimati, tambi za sukari, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga kuliko wakati wowote, na ndio huo huo ambao sitaki kuonekana na kompyuta baada ya futari, watu wakijiandaa kwa tarawehe. Kwa miaka mitatu niligawanyika, nikawa sipo vizuri huku wala kule. Sasa makala za Ramadhani zinaandaliwa mwezi wa Rajabu, zinahaririwa wiki ya kwanza ya Shaabani, na zinapangiwa tarehe zote kwa pamoja. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11, kila mwaka nasogeza maandalizi nyuma kwa kiasi hicho. Ukiiandika tarehe ya mwaka jana kwenye kalenda bila kuisogeza, utajikuta umechelewa.

Kila mwandishi ana Ramadhani yake. Kwa mwalimu wa sekondari Tanzania ni Novemba, wakati wa mtihani wa kidato cha nne. Kwa mkulima ni masika. Itafute yako, kisha uhesabu miezi miwili nyuma.

Hatua ya sita: iondoe blogu mfukoni

Ondoa programu ya blogu kwenye simu na uingie kwa kompyuta peke yake. Zima arifa zote za maoni. Weka mpangilio wa maoni kusubiri idhini yako, ili usiogope kwamba mtu ataweka matusi ukiwa umelala, na ujibu yote kwa kikao kimoja; changu ni Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu usiku.

Takwimu za wasomaji zitazame mara moja kwa mwezi. Najua hili ni gumu kuliko yote yaliyotangulia. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa ukiitafuta simu wenyewe, na nilijidanganya kwamba naangalia saa. Iliyonisaidia ni kuandika katika daftari, kila nilipotamani kutazama, nini hasa ningekifanya kwa namba hiyo. Sikuwahi kuandika jibu hata moja.

Hatua ya saba: chagua shughuli ambayo haitaingia kwenye blogu

Mwandishi wa blogu ana ugonjwa wa kuona kila kitu kuwa makala. Akienda pwani, anaandika pwani. Akipanda bilinganya, anapiga picha mche. Kwa hiyo burudani yake inahitaji sifa ambazo mtu mwingine asingezihitaji: iwe inashughulisha mikono, iwe na saa yake maalumu, iwe na watu wengine wanaokusubiri, na isiwe na hadhira ya mtandaoni.

Mchezo wa bao unatimiza sifa zote. Una mashimo 32 na kete 64, na katika hatua ya kunamua, yaani ya kuingiza kete ubaoni moja moja, ukimgeukia mpinzani kumwambia "subiri nijibu ujumbe" utakuta nyumba yako imeliwa na watazamaji wanacheka. Kwaya inatimiza, kwa sababu mwalimu wa kwaya hasubiri mtu. Timu ya mpira wa pete ya mtaani inatimiza. Kutembea peke yako ukiwa na simu mkononi hakutimizi, hata kama daktari atakusifu.

Mimi nilirudia kusuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kazi niliyofundishwa utotoni na kuiacha. Kila Jumanne baada ya alasiri naketi barazani kwa bibi jirani pamoja na wanawake wengine watatu. Ukindu lazima uwe na unyevu kidogo ndipo usikatike unapoukunja, kwa hiyo vidole vina majimaji na rangi, na mtu mwenye vidole vya hivyo hashiki simu. Siku ya kwanza nilimsalimu, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, akautazama mkoba wangu wenye kamera, akasema, "Hiyo iache ndani, mwanangu. Hapa tunasuka." Nimeitii kauli hiyo hadi leo, hakuna picha hata moja ya baraza lile, nawe utaniwia radhi kwamba hata katika mwongozo huu sitalieleza zaidi.

Hatua ya nane: jifunze kukataa kwa maneno yaliyo tayari

Blogu ikijulikana, maombi yataanza: mwenye mgahawa anataka uandike bure, binamu anataka umtengenezee blogu kama yako, mtu usiyemjua anakuletea makala ya kuchapisha. Kila ombi ukilifikiria upya linakula nusu saa na amani. Andika majibu matatu mapema na uyahifadhi. Langu la kawaida ni hili: "Ahsante kwa kunikumbuka. Kwa sasa ratiba yangu haina nafasi ya kazi za nje, na nisingependa kukuahidi nisiloweza kulitimiza." Kwa ndugu, ongea kwa sauti badala ya maandishi, kwa sababu kukataliwa na shangazi yako kwa ujumbe mfupi kunabaki kwenye vikao vya familia miaka mingi.

Hatua ya tisa: pumzika pasipo kufanya lolote

Shughuli unayoipenda ni jambo moja, na kupumzika ni jingine. Acha angalau jioni moja ambayo haina jina. Funga kompyuta saa tatu na nusu usiku hata kama aya imebaki nusu. Nimegundua kwamba aya iliyoachwa nusu ni rahisi kuiendeleza kesho kuliko ukurasa mweupe. Mara moja kwa mwaka chukua likizo ya mwezi mzima, uitangaze, na usiiandalie akiba.

Hatua ya kumi: pima tena, na ujue cha kukata kwanza

Kila baada ya miezi mitatu rudia daftari la wiki moja. Dalili kwamba mpango umelegea ni tatu: akiba imeshuka chini ya makala mbili, umeandika baada ya saa nne usiku mara mbili katika wiki moja, au umekosa shughuli yako kwa ajili ya blogu. Moja ikitokea, inatosha.

Ukikata, fuata mpangilio na usibabaike. Kwanza ondoa usambazaji kwenye makundi. Wasomaji wa kweli wanaijua siku yako. Kisha punguza picha, kutoka nane hadi tatu kwa makala. Kisha punguza makala, kutoka kila wiki hadi kila baada ya wiki mbili. Mwaka jana, nilipohamishiwa idara yenye kazi nyingi, nilifika hadi hatua hiyo ya tatu na nikakaa nayo miezi mitano. Jumanne sikuigusa. Ukili ulipofikia urefu wa kutosha tuliushona ukawa msala, na binti yangu, ambaye siku hizi hula chakula kikiwa moto, ndiye aliyechagua rangi ya ukingo.